Waya wa Betri ya Pili Garini: Kwa Nini Nusu Volti Ni Nyingi

Chanjo nyingi za watoto hapana budi zitunzwe katika joto lililo kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu zinapotoka ghalani hadi zinapoingia kwenye sindano. Gari la huduma ya mkoba linapoondoka katika mji wa wilaya, tuseme Handeni mkoani Tanga, na kwenda vijijini, kwa kawaida hubeba chanjo hizo katika kasha la baridi lenye vifuko vya barafu. Lakini pale safari inapochukua siku kadhaa, na barafu haipatikani njiani, hutumika pia jokofu dogo linaloendeshwa kwa umeme wa volti 12 wa gari lenyewe. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Jokofu likiachwa linyonye betri ya kuwashia injini usiku kucha, asubuhi gari halitawaka, na dereva, muuguzi na chanjo watakuwa wamekwama pamoja.

Ufumbuzi unaojulikana ni kufunga betri ya pili nyuma ya gari, itakayolisha jokofu peke yake na kuchajiwa na injini wakati wa safari. Jambo hili si la magari ya afya tu. Vani ya fundi mwenye mashine za umeme, gari la matangazo lenye vipaza sauti, na gari la watafiti wanaolala porini, yote hufungwa betri ya pili kwa namna ile ile. Betri hununuliwa kwa uangalifu, hata bei yake hujadiliwa ofisini. Lakini waya wa kuiunganisha na injini aghalabu huchukuliwa wowote uliopo stoo. Mara nyingi huwa ni ule waya wa soketi za nyumbani, wenye milimita za mraba 2.5. Baada ya miezi michache betri mpya hulaumiwa kwamba ni mbovu.

Ili kuona kosa liko wapi, yafaa kwanza kuulinganisha umeme wa gari na ule wa nyumba. Chombo cha wati 360 kikitumia umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 1.6 tu. Chombo chenye nguvu hiyo hiyo kikitumia volti 12 huvuta ampea 30. Mkondo umeongezeka mara 19. Tena, joto linalopotea katika waya haliongezeki kwa kiwango cha mkondo, bali kwa kipeo cha pili cha mkondo, kama alivyoonyesha James Joule mwaka 1841. Kwa hiyo waya ule ule, ukipeleka nguvu ile ile kwa volti 12 badala ya 230, hupoteza umeme zaidi ya mara 360. Waya ulio mnene wa kutosha ukutani ni mwembamba mno garini.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo matatu: madini yaliyotumika, urefu, na eneo la mkato wake, yaani ukubwa wa uso wa shaba unaoonekana waya ukikatwa. Kizio cha ukinzani huitwa omu, kwa kumkumbuka Georg Simon Ohm. Huenda ikawapendeza walimu kujua kwamba Ohm alipofanya majaribio yake ya nyaya za urefu mbalimbali, katika miaka ya 1825 na 1826, alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya sekondari mjini Köln, Ujerumani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Kwa shaba yenye joto la nyuzi 20, waya wenye urefu wa meta 1 na eneo la milimita ya mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0172. Namba hiyo moja yatosha kwa hesabu zote zinazofuata: izidishwe kwa urefu katika meta, kisha igawanywe kwa eneo katika milimita za mraba.

Na ichukuliwe vani ambayo betri ya pili iko meta 5 kutoka kwenye betri ya kwanza. Umeme huenda na kurudi. Hivyo, ikiwa waya wa kurudi ni wa shaba ya unene ule ule, urefu wa kuhesabiwa ni meta 10. Kusahau safari ya kurudi ni kosa la mara kwa mara, nalo hupunguza jibu kwa nusu. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ukinzani ni omu 0.069. Kwa waya wa 6 ni omu 0.029, na kwa waya wa 16 ni omu 0.011. Mwanafunzi anaweza kuzitazama tarakimu hizi na kusema ni ndogo mno kuweza kudhuru chochote. Kwa mkondo wa ampea 30, waya wa 6 hupoteza volti 0.86 tu. Nini volti 0.86 katika volti 14?

Jibu la swali hilo ndilo kiini cha habari yote. Mtambo wa kufua umeme unaozungushwa na injini kwa mkanda, ambao mafundi huuita alteneta, katika magari mengi hutoa takriban volti 14.2 injini ikiunguruma. Betri ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo bado inatumika duniani kote, ikiwa imetumika nusu na kutulia huonyesha takriban volti 12.2. Mara ianzapo kupokea umeme, mabadiliko ya kikemia juu ya mabamba yake huipandisha upesi hadi karibu na volti 12.7. Betri hiyo basi si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Inasukuma nyuma kwa volti 12.7 zake. Alteneta inasukuma mbele kwa volti 14.2. Kinachoingiza umeme ndani ya betri si volti 14.2 hata kidogo, bali ni ile tofauti ya volti 1.5 tu.

Kwa mizani hiyo ya volti 1.5, hasara ya volti 0.86 si sehemu ndogo: ni zaidi ya nusu ya msukumo wote uliopo. Taa ikinyimwa nusu volti hufifia kidogo na hakuna anayejali. Betri ikinyimwa nusu volti imenyimwa theluthi ya kile kinachoichaji.

Ikikadiriwa kwamba betri yenyewe pamoja na viungio vyake vyote ina ukinzani wa omu 0.02, mkondo wa mwanzo unaweza kupatikana kwa Kanuni ya Ohm: volti 1.5 zigawanywe kwa jumla ya ukinzani. Kwa waya wa 2.5, mkondo ni ampea 17. Kwa waya wa 6 ni ampea 31. Kwa waya wa 10 ni ampea 40. Kwa waya wa 16 ni ampea 49. Ukiendelea hadi 25 mkondo ni ampea 56, na kwa waya wa 35, ulio mzito na mgumu kupinda, ni ampea 60 tu. Mwendo wa tarakimu hizi unastahili kutafakariwa darasani. Mwanzoni kila shilingi inayoongezwa kwenye shaba hulipa vizuri sana, kutoka 2.5 hadi 6 mkondo unakaribia kuongezeka maradufu. Baadaye faida hupungua, kwa sababu ukinzani wa betri yenyewe haubadiliki hata waya ungekuwa mnene kama mkono. Katika mfano huu waya wa 16 ndio wenye busara. Aliyenunua wa 35 ametupa fedha, ingawa hajadhuru kitu.

Haki itendeke hata kwa waya mwembamba. Si kweli, kama isemwavyo mara nyingi, kwamba waya mwembamba huizuia betri isijae kamwe. Kadiri betri inavyojaa, volteji yake hupanda na mkondo hupungua, na mkondo ukipungua hasara ya waya nayo hupungua. Mkondo ukifika ampea 5, waya wa 6 hupoteza volti 0.14 tu. Betri ingejaa hatimaye, kama gari lingeendelea kutembea. Kinachopotea ni muda, na muda ndio usiopatikana. Gari la chanjo husafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Halizungukizungu usiku kucha kwa ajili ya betri. Hivyo betri hurudi kazini ikiwa na pengo, kesho pengo linakuwa kubwa zaidi, na salfeti ya risasi iliyobaki kwenye mabamba huganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya baadaye haiziyeyushi kwa urahisi. Hiyo ndiyo betri inayotangazwa kuwa mbovu.

Mpaka hapa betri mbili zimezungumziwa kana kwamba zimefungwa pamoja daima. Zikifungwa hivyo, jokofu litazinyonya zote mbili na faida yote itapotea. Hapana budi pawepo kitu cha kuzitenganisha injini inapozimwa. Swichi ya mkono hufaa, ila humtegemea mtu asiyesahau, na mtu wa namna hiyo ni nadra. Njia iliyotumika kwa miaka mingi ni diodi, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Haina kitu kinachosogea wala kuchakaa, lakini diodi ya kawaida ya silikoni hudai karibu volti 0.7 kwa kila umeme unaopita. Msomaji aliyeelewa hesabu ya volti 1.5 hahitaji kuelezwa zaidi ubaya wake. Bora ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ziko rilei zinazopima volteji zenyewe: hufunga mzunguko volteji ya betri ya kwanza ikipanda kufikia takriban volti 13.3, dalili kwamba alteneta inafanya kazi, na hufungua ikishuka kufikia takriban 12.8. Rilei ichaguliwe inayomudu mkondo mkubwa kuliko ule wa kuchaji.

Magari mapya yameleta utata mwingine. Ili kuokoa mafuta na kupunguza moshi, mengi yana alteneta inayoamrishwa na kompyuta, ambayo hushusha volteji betri ya kwanza ikiwa imejaa, hata karibu na volti 12.5. Katika gari la namna hiyo msukumo wa volti 1.5 haupo kabisa kwa sehemu kubwa ya safari, na hakuna unene wa waya utakaourudisha. Hapo hufungwa kichaji kinachopokea volteji yoyote ya mbele na kuipandisha hadi kiwango kinachotakiwa na betri ya nyuma. Ni chombo kizuri, na kwa betri za lithiamu, ambazo ukinzani wake wa ndani ni mdogo na huweza kuvuta mkondo mkubwa mno, kinafaa pia kwa sababu kinaweka kikomo. Hata hivyo si ruhusa ya kutumia waya mwembamba. Kichaji cha aina hii huchukua nguvu isiyobadilika: kikitoa ampea 30 kwa volti 14.4, ambazo ni wati 432, na kikipoteza sehemu moja ya kumi ya kinachoingia, kitahitaji wati 480. Kwa volti 12.5 hizo ni zaidi ya ampea 38. Waya ukiishusha volteji inayokifikia, chenyewe huongeza mkondo ili kufidia, na ongezeko hilo huishusha volteji zaidi.

Sasa yafaa kugeukia moto. Katika hali ya kawaida waya mwembamba wa kuchajia hauchomeki. Ampea 17 katika waya wa 2.5 huzaa wati 20 zilizotawanyika katika meta 10. Waya utakuwa na uvuguvugu tu. Hatari ni siku ile waya unapochubuliwa na ukingo wa bati, kwa mtikisiko wa barabara ya makorongo, na shaba ikagusa mwili wa gari. Betri ya gari ina ukinzani wa ndani wa omu 0.01 hivi. Kwa waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa meta 5, mkondo utakuwa zaidi ya ampea 500, na joto litakalozalishwa ndani ya waya huo ni karibu wati 3,800, sawa na majiko manne madogo ya umeme yaliyofichwa chini ya zulia. Shaba ya waya huo ina uzito wa gramu 269. Mwanafunzi wa fizikia anayejua kwamba gramu 1 ya shaba huhitaji jouli 0.385 ili kupanda nyuzi 1, atapata mwenyewe kwamba joto linapanda kwa nyuzi 37 kila sekunde. Plastiki ya PVC ya kawaida hukusudiwa joto lisilozidi nyuzi 70. Baada ya sekunde nne waya umepita nyuzi 150. Waya mnene wa 16 hupanda polepole zaidi, nyuzi 13 hivi kila sekunde, na hiyo ndiyo nafuu yake yote.

Kinachozuia hayo ni fyuzi, na fyuzi hueleweka vibaya mara nyingi. Watu wengi hudhani imewekwa kulinda jokofu au betri. Fyuzi ya waya huu hulinda waya. Ukubwa wake basi huchaguliwa kwa kuutazama waya: iwe juu ya mkondo wa kawaida ili isikatike ovyo, na iwe chini ya ule ambao waya unaweza kuuhimili. Waya wa magari wa 16, kutegemea plastiki yake na hewa inayoupata, huhimili takriban ampea 100. Mkondo wa mwanzo katika mfano ni 49. Fyuzi ya ampea 80 inakaa vizuri katikati. Ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu.

Tena, fyuzi moja haitoshi. Waya wa jokofu una chanzo kimoja cha umeme, lakini waya huu una betri kila upande. Ukichubuka katikati, betri zote mbili zitamwaga umeme hapo kwa pamoja. Fyuzi iliyo mbele ikikatika, betri ya nyuma itaendelea kuuchoma. Ziwepo mbili, moja kwa kila betri. Ufungaji unaoonekana nadhifu na wenye fyuzi moja tu ni wa hatari kuliko unavyoonekana.

Katika kununua waya, maneno ya muuzaji yapimwe. Eneo na kipenyo si kitu kimoja: kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Katika baadhi ya nchi, Australia ikiwa mfano, waya wa magari huuzwa kwa kipenyo cha nje pamoja na plastiki yake, hata waya uitwao wa milimita 6 huwa na shaba ya milimita za mraba 4.6 hivi. Pia zipo sokoni nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini ina ukinzani wa takriban mara 1.6 ya shaba, nayo huvunjika upesi ikikunjwa mara kwa mara. Kisu kidogo hufichua siri: uzi wa shaba halisi ukikwanguliwa ni mwekundu hadi ndani, na wa alumini huonyesha weupe. Uzi mweupe kwa nje lakini mwekundu kwa ndani ni shaba iliyopakwa bati, nao ni bora kuliko wote kwa magari ya pwani. Waya wenye nyuzi nyingi nyembamba huchaguliwa badala ya ule wa uzi mmoja mnene, kwani mtikisiko huuchosha uzi mmoja mpaka ukakatika ndani ya plastiki bila kuonekana.

Hesabu zilizotangulia zilichukua shaba yenye joto la nyuzi 20. Chini ya boneti, katika mchana wa Januari, nyuzi 70 si ajabu, na ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1. Kwa hiyo sehemu ya waya iliyo karibu na injini ina ukinzani wa ziada wa asilimia 20 hivi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochagua waya ulio mpakani mwa kufaa.

Upande wa pili wa betri, waya unaokwenda kwenye jokofu huonekana mdogo usiostahili kufikiriwa. Jokofu la wati 50 huvuta ampea 4 tu. Lakini majokofu haya hujizima volteji inaposhuka, ili kuilinda betri. Betri ikiwa na volti 11.7 inapofanya kazi, na waya ukiwa wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa meta 4 kwenda na 4 kurudi, jokofu litapata volti 11.3. Kama limewekwa kujizima kwa 11.4, litazima usiku huku betri ikiwa bado na umeme wa saa kadhaa, na asubuhi kipimajoto ndicho kitakachotoa habari. Kwa waya wa milimita za mraba 4 hasara ni volti 0.14, na jokofu linaendelea.

Fundi akishamaliza, kazi yake hukaguliwa kwa kipimo cha volti peke yake. Injini iwashwe, betri ya nyuma ikiwa imetumika nusu, na mkondo uwe unapita, kwa maana waya usiopitisha mkondo haupotezi volti yoyote na kipimo chake hudanganya. Ncha moja ya kipimo iwekwe kwenye ncha chanya ya betri ya mbele na nyingine kwenye ncha chanya ya betri ya nyuma: namba inayoonekana ndiyo hasara ya njia ya kwenda, pamoja na rilei na fyuzi zake. Kisha hufanywa vivyo hivyo kwa ncha hasi. Katika mfano wa waya wa 16 kila upande ungetarajiwa kuonyesha volti 0.26 hivi mwanzoni, na kidogo zaidi kwa ajili ya viungio. Upande wa hasi ukionyesha volti 0.8, waya hauna hatia. Kitafutwe kiungio kilicholegea, au mahali ambapo waya umefungwa kwenye mwili wa gari juu ya rangi na kutu badala ya chuma kilichopigwa msasa. Katika magari yanayofanya kazi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi, kiungio hicho hufunguliwa, husuguliwa, hukazwa tena na kupakwa grisi, kisha kipimo hurudiwa mkondo ukiwa ungali unapita.